Mjomba Vanya kwa Kamera Moja: Namna ya Kuifanya Tamthilia ya Chekhov Filamu ya Gharama Ndogo

Katika tendo la nne la Mjomba Vanya, ukutani mwa chumba cha Vanya pametundikwa ramani ya Afrika. Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi aliyeitunga, ameongeza kwenye maelezo ya jukwaa kwamba ramani hiyo, kwa inavyoonekana, haina kazi kwa yeyote wa nyumba ile. Karibu na mwisho, daktari Astrov yuko mbioni kuondoka. Yelena, mwanamke ambaye daktari alimtamani, ameshakwenda zake, na Sonya, anayempenda kwa miaka, amekaa palepale na madaftari ya hesabu. Astrov anaisogelea ramani, anaitazama, anasema kwamba huko Afrika sasa hivi lazima joto ni balaa. Vanya anaitikia kwamba ndiyo, huenda. Basi. Kuaga kote kumo humo.

Ukitaka kuifanya tamthilia hii filamu na mfuko wako ni mwepesi, anzia hapo. Sentensi ile inahitaji mtu mmoja, ukuta na ramani ya dukani, lakini inahitaji pia mwigizaji aliyefanya mazoezi hadi anajua anaficha nini, na sauti iliyonaswa vizuri hata pumzi yake isikike. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata imani hiyo: fedha ziende kwenye mazoezi na sauti, vingine vitafutiwe njia. Nimeifanya kazi ya namna hii na kikundi kidogo, na mengi ninayoyasema niliyaona nyumbani mle tulimokuwa tukipiga picha.

Hatua ya 1: Soma mara tatu kabla ya kushika kalamu

Mara ya kwanza soma upate kisa. Profesa mstaafu Serebryakov amerudi shambani na mke wake wa pili, Yelena, mwenye miaka 27. Shamba lilinunuliwa kwa rubo 95,000 liwe mali ya mke wa kwanza, marehemu, ambaye ni dada wa Vanya. Baba yao alilipa 70,000, likabaki deni la 25,000. Vanya aliacha urithi wake kwa ajili ya dada huyo, akafanya kazi miaka kumi kama ng'ombe wa jembe hadi deni likaisha, akaendelea kumtumia shemeji yake mapato ya shamba kila mwaka, yeye akichukua mshahara wa rubo 500. Siku moja shemeji anaita watu wote sebuleni na kutangaza kwamba ni heri shamba liuzwe. Vanya anachukua bastola, anafyatua mara mbili, anakosa mara mbili. Wageni wanaondoka. Vanya na mpwa wake Sonya wanarudi kwenye hesabu za mafuta na chenga za nafaka ya bakiwiti.

Mara ya pili soma ukiangalia nani yumo chumbani bila kusema neno. Kwenye karatasi mtu wa namna hiyo hupotea; kwenye filamu uso wake ndio onyesho. Mara ya tatu pigia mstari kila mahali Chekhov alipoandika "kimya". Tulipohesabu vituo hivyo na kuvibandika ukutani, ratiba yetu yote ya kupiga picha ilibadilika, kwa sababu tuliona siku zipi zitahitaji utulivu na zipi zinaweza kwenda mbio.

Usiogope ukubwa wa jina. Tamthilia ilichapishwa 1897, na kumbi za mikoani zilianza kuicheza kabla Ukumbi wa Sanaa wa Moscow haujaifungua mwaka 1899, mwongozaji Stanislavski mwenyewe akiwa Astrov na mwigizaji Olga Knipper akiwa Yelena.

Hatua ya 2: Haki na vibali

Chekhov alifariki mwaka 1904, kwa hiyo maandishi yake ya Kirusi hayana mwenye kudai malipo. Tafsiri ni habari nyingine: kila mfasiri ana haki yake. Ukitumia tafsiri ya Kiingereza iliyotoka miaka ya karibuni, hata kama unaitafsiri tena kwa Kiswahili, unahitaji ruhusa. Tafsiri ya Marian Fell ya 1912 ni ya zamani na inapatikana bure, ila ina makosa, kwa hiyo isiwe jiwe lako pekee la kusimamia. Andikiana mkataba na mfasiri wako mwenyewe kabla ya siku ya kwanza, hata akiwa rafiki. Kibali cha kupiga picha, kwa Tanzania, nenda Bodi ya Filamu. Kwa Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB). Usikiweke cha mwisho.

Hatua ya 3: Kiswahili chake

Hapa ndipo penye utamu, nami ningekaa hapa mwezi mzima.

Tafuta mtu anayesoma Kirusi. Watu wetu wengi walisoma Urusi, hasa chuo cha Moscow kilichobeba jina la Patrice Lumumba, na mzee mmoja aliyesoma huko na kukaa nawe jioni tatu atakuokoa kuliko kamusi tano. Msomee tafsiri yako kwa sauti, naye afuate kwa macho kwenye Kirusi.

Utagundua mambo. Neno la Kirusi kwenye jina la tamthilia halisemi kama ndugu huyu ni wa kuumeni au wa kuukeni. Kiswahili kinasema, na kinasema kweli: Vanya ni kaka wa mama yake Sonya, ni mjomba hasa. Kila uzito tunaoujua kwenye neno hilo, mjomba wa kukimbiliwa, mjomba wa kubeba mzigo wa watoto wa dada yake, upo kwenye tamthilia tayari. Vivyo hivyo profesa ni shemeji na Yelena ni mama wa kambo. Waigizaji wetu waliposikia maneno haya mdomoni mwao walielewa ugomvi wa tendo la tatu bila mimi kueleza.

Yaya Marina anampa Astrov chai akimwita "batyushka", neno linalotokana na baba. Bibi wa kwetu akimbembeleza kijana humwambia "kunywa, baba", tena kwa sauti ileile. Telegin, mpangaji wa hisani pale nyumbani, hutaniwa kwa jina la kaki yenye vishimo kwa sababu uso wake una makovu ya ndui. Tulimwita Chila. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi.

Mahali pagumu ni mwisho wa tendo la pili. Sonya na Yelena, waliokuwa hawasemezani, wanakunywa mvinyo kutoka glasi moja na kukubaliana kwamba kuanzia sasa wataitana kwa "wewe" ya watu wa karibu. Kirusi kina "wewe" mbili, moja ya heshima na umbali, nyingine ya undugu. Sisi tunayo moja. Dawa niliyoiona inafaa ni hii: tangu mwanzo wa filamu Sonya asimwite mama yake wa kambo kwa jina lolote, azungumze kwa kumpita pembeni, "chai imepoa", "baba anaita". Baada ya glasi ile, amwite Lena. Mtazamaji atahisi mlango umefunguka.

Na usiiache sentensi ya profesa anapofungua kikao cha tendo la tatu. Anatania kwamba amewaita kuwatangazia ujio wa mkaguzi. Hayo ni maneno ya mwanzo ya tamthilia maarufu ya Gogol, ambayo Kiswahili tunayo, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka ya 1979. Aliyeisoma shuleni atacheka palepale alipocheka Mrusi, sekunde chache kabla nyumba haijawaka.

Kwa neno la mwisho la Sonya sikuhangaika. "Tutapumzika." Kwetu pia neno hilo hubeba uchovu wa leo na kaburi kwa pamoja.

Hatua ya 4: Amua watu hawa wako wapi

Njia ziko tatu. Unaweza kujenga Urusi ya miaka ya 1890, jambo ambalo mfuko wako umeshakukatalia. Unaweza kuhamisha kila kitu, majina, mali, dini, sheria za urithi, na hapo utakuwa umeandika tamthilia nyingine. Ni kazi halali, lakini si hii. Njia ya tatu ndiyo ninayoitetea: majina yabaki ya Kirusi, mashamba na barafu na rubo vibaki kwenye maneno, na waigizaji wavae nguo za kawaida zisizo na tarehe. Mwongozaji wa filamu Louis Malle alifanya hivyo mwaka 1994 New York. Aliwapiga picha waigizaji waliokuwa wameifanyia tamthilia hii mazoezi ya miaka kadhaa, ndani ya ukumbi wa New Amsterdam uliokuwa gofu, wakiwa na nguo zao za mtaani. Dakika chache ndani ya filamu mtu husahau kabisa gofu lile.

Jambo moja kuhusu mavazi. Wakati wa mazoezi ya Moscow, Chekhov alikataa Vanya avalishwe kama mkulima mwenye mabuti ya matope. Alisisitiza kwamba huyu ni mtu mwenye tai nzuri. Basi nunua tai moja nzuri. Mtu aliyeharibikiwa maisha na bado anajifunga tai vizuri kila asubuhi, mtazamaji hamsahau.

Hatua ya 5: Punguza, lakini usikate mahali pasipofaa

Jukwaani tamthilia hii huchukua saa mbili na zaidi. Lenga mswada wa kurasa 85 hadi 90. Kila mwandishi anayeanza hukata maneno yanayoonekana ya bure: joto la Afrika, vifaranga vya Marina, Chila akieleza jinsi mkewe alivyomkimbia siku iliyofuata harusi. Hayo ndiyo nyama. Kata maelezo. Vanya anapomsema profesa kwa kirefu katika tendo la kwanza, nusu inatosha, kwa sababu kamera imeshatuonyesha profesa akipita bustanini na koti na mwavuli siku ya joto.

Hotuba ya Astrov kuhusu ramani zake za wilaya, jinsi misitu ilivyokuwa miaka 50 nyuma, kisha 25, kisha sasa, iache idumu. Weka kamera kwenye ramani kwa muda, halafu ihamishe kwenye uso wa Yelena asiyesikiliza. Astrov mwenyewe anauona uso huo na kunyamaza. Mtu anazungumzia mito inayokauka na wanyama waliotoweka, msikilizaji wake anawaza jambo jingine. Sijui onyesho lililo karibu nasi zaidi ya hilo.

Utashawishika kutoka nje: msitu, farasi, safari ya daktari kwenye mlipuko wa tifasi, homa inayoenezwa na chawa, mgonjwa aliyemfia mezani. Usitoke. Vitu hivyo vina nguvu kwa sababu vinasimuliwa. Ruhusu picha moja tu ya nje nisiyoiona kuwa anasa: Sonya analalamika kwamba nyasi zimekatwa, mvua inanyesha kila siku, zote zinaoza. Sekunde kumi za nyasi zilizolowa zitasema hali ya shamba.

Hatua ya 6: Nyumba moja

Profesa analalamika kwamba nyumba ina vyumba 26. Wewe unahitaji vitatu na kibaraza: kibaraza cha bustanini chenye meza ya chai, chumba cha kulia, sebule, na chumba cha Vanya ambacho ni cha kulala na ofisi kwa pamoja. Chumba cha kulia na sebule vinaweza kuwa kimoja kilichopangwa upya. Tafuta nyumba ya zamani yenye mlango unaotazamana na mlango mwingine, maana tamthilia hii imejaa watu wanaoingia kwa wakati mbaya. Vanya anaingia na maua ya waridi na kumkuta Yelena mikononi mwa Astrov. Kwa nyumba yenye milango inayofuatana, kamera inawaona wote watatu bila kuhama, na umeokoa nusu siku.

Kabla ya kupatana bei ya nyumba, kaa ndani yake kwa muda wa saa nzima usiku, na saa nzima tena mchana, ukiwa umefumba macho. Bodaboda, mashine ya kusaga, muziki wa jirani, feni, friji. Ukisikia kitu usichoweza kukizima, nyumba hiyo iache hata ikipendeza vipi.

Vifaa ni vichache. Samawari, na neno lenyewe Kiswahili kinalo. Gitaa la Chila. Soksi anayofuma Marina. Kizimba cha ndege chumbani kwa Vanya. Chupa ndogo ya mofini. Madaftari ya hesabu, yaliyoandikwa hesabu kweli kweli.

Hatua ya 7: Waigizaji na wiki sita

Unahitaji watu wanane na mfanyakazi mmoja. Usitafute sura za mabango. Tafuta watu wanaoweza kusikiliza.

Wiki sita za jioni kabla ya kamera kufika ni gharama ya chai, nauli na posho, na ndizo zitakazokuwezesha kupiga kurasa saba au zaidi kwa siku baadaye. Wiki mbili za kwanza mezani, kusoma tu na kuulizana. Mbili zinazofuata ndani ya nyumba yenyewe, ili mwili wa mwigizaji ujue kiti kiko wapi bila kukitafuta. Mbili za mwisho, mwongozaji atembee katikati yao akiwa na simu, atafute pembe za picha.

Ukiwa mwongozaji, maneno mawili ya Chekhov yatakufaa kuliko vitabu vya uigizaji. Alipoulizwa kuhusu tendo la mwisho alijibu kwamba Vanya analia, lakini Astrov anapiga mluzi. Na alimwandikia Knipper mwaka 1899 kwamba Astrov, anapoagana na Yelena, azungumze naye kwa sauti ileile anayoitumia kuhusu joto la Afrika, na ambusu hivihivi tu, kwa kukosa la kufanya. Mwigizaji wangu alitaka kulia hapo. Tulijaribu machozi yake siku mbili nzima, kisha akajaribu mluzi, na chumba chote kikanyamaza.

Hatua ya 8: Sauti kwanza, picha baadaye

Kamera ya kawaida inayobadilishwa lenzi, hata ya kuazima, inatosha. Azima pia lenzi moja inayopokea mwanga mwingi, kwa maonyesho ya usiku. Lakini mtu wa sauti mlipe. Maikrofoni moja ya fimbo, mbili za kufichwa nguoni, kinasa sauti cha kujitegemea, na mablanketi mazito ya kutundika kwenye madirisha na kutandika sakafuni nje ya picha.

Chekhov amekuandalia mambo makubwa yanayotokea pasipoonekana. Wageni wanapoondoka hakuna haja ya farasi: njuga zinasikika nje, Astrov anasema "wameondoka", yaya anaingia anasema "wameondoka", Sonya tena, bibi mzee, mama yake Vanya, tena. Mara nne, na gari la farasi liko kwenye masikio ya mtazamaji. Mlinzi wa usiku anayegonga kibao bustanini ni mtu mmoja na kipande cha mbao. Dhoruba ya tendo la pili ni mpira wa maji kwenye kioo, taa moja inayozibwa na kufunguliwa kwa ubao, na radi utakayoiweka mezani kwa mhariri.

Muziki ndio umenifurahisha zaidi. Mwisho wa tendo la pili Yelena anatamani kupiga piano. Hajacheza siku nyingi. Sonya anakwenda kumwomba baba yake ruhusa, anarudi, anasema neno moja: hairuhusiwi. Pazia. Kinanda hakihitajiki, mpigaji hahitajiki, wala haki za muziki hazihitajiki. Usiongeze muziki wowote baada ya hapo, zaidi ya gitaa la Chila. Ni wizi wa kile Sonya amekisema.

Hatua ya 9: Siku kumi na mbili

Piga picha kwa mfuatano wa tamthilia. Kwa filamu nyingi hiyo ni gharama, hapa nyumba ni moja, kwa hiyo haikuongezei kitu na inawapa waigizaji uchovu wa kweli wa tendo la nne. Siku mbili za tendo la kwanza, usiku nne za la pili, siku tatu za la tatu, tatu za la mwisho. Kila onyesho lichezwe lote bila kukatizwa kwanza, kamera ikiwa mbali kidogo. Kisha mara ya pili na ya tatu kwa nyuso zile tu ulizoziandika kwamba zinanyamaza.

Bastola iwe ya bandia isiyoweza kufyatua chochote, ikae mikononi mwa mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, na mwenyekiti wa mtaa na majirani waarifiwe siku moja kabla. Mlio uwekwe kwenye uhariri. Hata huo si mzito: risasi ya kwanza inasikika kutoka chumba kingine, na ya pili, Vanya akiifyatua, anatamka kwa mdomo wake mwenyewe "baa!", kama mtoto anayecheza, halafu anauliza kama amekosa tena. Mwigizaji asiharakishe "baa" ile. Ndani yake mna miaka 25 ya kulitumikia shamba.

Hatua ya 10: Uhariri

Mkusanyiko wa kwanza utakuwa mrefu na utakuogopesha. Usianze kwa kukata vituo vya kimya. Anza na miingilio na mitokeo ya watu, mtu akishika kitasa tayari ameingia. Kisha punguza maneno ambayo uso umeshayasema. Ukimya uguse mwisho, ukiwa na watu wawili wasioijua hadithi wameketi nyuma yako; wakianza kusogea kwenye viti, hapo pamezidi.

Kuna jambo moja la kufanya mapema, siku ya mwisho ya kupiga picha, maana mezani huwezi kulipata tena. Sonya akishasema "tutapumzika" kwa mara ya mwisho, Chila akiwa anagusa gitaa taratibu, bibi mzee akiandika pembezoni mwa kijitabu chake na Marina akifuma soksi, Chekhov ameandika kwamba pazia lishuke polepole. Usiseme "kata". Wape waigizaji maagizo mapema kwamba waendelee na kazi za mikono yao, uache kamera na kinasa sauti viende dakika tatu nzima, sindano za Marina zikigongana.